Umestaafu? Shika Randa

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hiari hiyo imekwisha. Wiki ile ile anayokabidhi ofisi, ushauri huanza kumiminika: fuga kuku wa mayai, nunua bodaboda, jenga fremu za maduka, katafute shamba Kisarawe. Kila anayekuja kumpa pole na hongera ana mradi mkononi, na kila mradi una jicho kwenye kiinua mgongo. Mwongozo huu hauna mradi. Unakushauri utenge kona ya uani, ununue vifaa vichache vya useremala, uanze kutengeneza vitu vidogo vya mbao kwa mikono yako mwenyewe, taratibu, bila kuwaza kuviuza.

Hilo la kutouza nalisema mapema kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Siku utakayopokea oda ya kwanza umerudi kazini: kuna mteja, kuna tarehe, kuna malipo ya awali uliyokwisha kuyala, kuna simu usizotaka kuzipokea. Mafundi wa Keko wanatengeneza vitanda na makabati vizuri kuliko utakavyoweza wewe, kwa bei usiyoweza kushindana nayo, na wana watoto wa kusomesha. Waachie soko lao. Wewe unatafuta asubuhi yenye shughuli, vidole visivyoganda, na kichwa kilichopumzika kwa sababu kina jambo moja tu la kufikiri.

Utaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Waliosoma shule ya msingi miaka ya 1970, enzi za Elimu ya Kujitegemea, wengi wao walishika nyundo na panga shuleni, na mkono uliowahi kufundishwa hausahau upesi. Na hata kama hujawahi kupigilia msumari, kazi ndogo za mbao hazidai misuli. Zinadai subira na jicho, na kwa subira mtu wa miaka 65 humwacha mbali kijana wa 25. Akina mama msidhani mnasemwa pembeni: randa haijui nani anaisukuma, na anayejua mwiko mzuri ukoje ni yule aliyesonga ugali miaka arobaini.

Kuhusu tiba, nisikuahidi makubwa. Kusukuma randa kunafanyisha kazi miguu, kiuno na mabega. Kupima na kukata kunalazimisha jicho na mkono vielewane. Kupiga msasa ni kazi ya kurudia rudia, na kazi ya namna hiyo hutuliza pumzi bila mtu kuagizwa atulie. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kitu cha mbao kina mwisho. Aliyesukuma mafaili miaka thelathini bila kuona yakiisha atashangaa raha ya kushika kitu alichokianza Jumatatu kikakamilika Ijumaa. Hospitali nazo zinaijua nguvu ya mikono. Moshi, pale KCMC, hufundishwa wataalamu wa fani inayotumia kazi za mikono na shughuli za kila siku kumrudishia mgonjwa uwezo alioupoteza, kwa mfano baada ya kiharusi. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa majuma, chakula hakipiti, na huoni sababu ya kuamka, hiyo ni sonona. Nenda kamwone daktari kwanza, useremala utakusubiri.

Kona na benchi

Huhitaji karakana. Kibaraza chenye kivuli kinatosha, au chini ya mwembe kama unao. Pwani fanya kazi asubuhi baada ya chai au jioni baada ya saa kumi. Jua la saa saba si rafiki wa mwenye presha. Kama unatumia mkono wa kulia, kaa ili mwanga utoke kushoto, kivuli cha mkono kisifunike mstari unaoukata.

Benchi ndiyo uti wa mgongo wa kazi, na ndiyo itakayouokoa au kuuvunja wa kwako. Simama wima, mikono ikining'inia: uso wa benchi uwe usawa wa kifundo cha mkono. Kwa watu wengi hiyo ni kati ya sentimita 80 na 90. Benchi fupi humwinamisha mtu, na mzee aliyeinama saa moja atalipa usiku. Kwa kazi ya kuchonga inua zaidi, karibu na kiwiko, au kaa kwenye stuli ndefu. Hakuna sheria inayosema seremala asimame. Benchi iwe nzito. Ikitikisika, funga mfuko wa mchanga kwenye miguu yake. Kisha tengeneza kibao cha kuzuilia: ubao wenye mbao nyembamba mbili, moja imepigwa juu upande wa mbali, nyingine chini upande wa kwako. Ile ya chini inang'ata ukingo wa benchi, ile ya juu inazuia kipande unachokata kisikimbie. Hiki ndicho kitu chako cha kwanza kutengeneza, na kitakutumikia kuliko vifaa vingi vya kununua.

Vifaa: vichache na vikali

Nunua msumeno wa mkono wenye meno madogo, randa moja, patasi tatu za nusu inchi, robo tatu na inchi moja, bobari moja ya kuchimbia mashimo, tupa ya mbao, keekee au drili ya mkono, futi, skwea, klempu mbili na kinoo. Nyundo ya mti ya kugongea patasi utajitengenezea. Kwenye masoko ya mitumba hupatikana patasi na randa za zamani kutoka Ulaya, zenye kutu na mipini iliyovunjika. Zichukue kama chuma hakijaliwa sana. Kutu hutoka kwa msasa, mpini ni kipande cha mti, na chuma cha zamani mara nyingi hushika makali kuliko patasi mpya za bei rahisi zinazong'aa dukani.

Kununua ni rahisi. Kinachowashinda wengi ni kunoa, na hapa naomba utulie. Patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa sababu inakulazimisha usukume kwa nguvu, na nguvu ikizidi patasi huteleza. Mzee asiye na nguvu nyingi anahitaji makali zaidi kuliko kijana. Kama huna kinoo kizuri, chukua kioo kinene cha dirisha, kiweke juu ya benchi, kibandike msasa wa maji kwa matone ya maji: namba 240, halafu 400, halafu 1000. Laza mgongo wa patasi bapa juu ya msasa na uusugue mpaka ung'ae karibu na ncha. Kisha igeuze, shikilia mshazari wake usawa wa nyuzi 25 hadi 30, na uivute kwako kwa mwendo mmoja, bila kuibembeza. Ukigusa upande wa pili kwa kidole ukasikia kijikingo kidogo cha chuma kimejikunja, makali yamefika ncha. Kiondoe kwa kuulaza tena mgongo bapa na kuusugua kidogo. Jaribu kwenye karatasi: patasi kali inaikata bila kuichana.

Noa kabla ya kuanza, noa ukiona maranda yanatoka kama unga badala ya kujikunja, noa ukihisi bega linaanza kusukuma. Ukijua kunoa, nusu ya useremala umeimaliza, na kunoa kwenyewe kunatuliza kuliko msasa.

Mashine je? Ubao mkorofi upeleke kwa wenye mashine ya randa mtaani, wakusawazishie na kukupasulia kwa vipimo ulivyotaka. Hakuna ushujaa katika kupasua futi kumi na mbili kwa mkono. Ila nakataza kitu kimoja bila kumung'unya maneno: grenda iliyofungwa blade ya kukatia mbao. Utaiona kila karakana, kinga imetolewa, kijana anaishika kwa mkono mmoja. Blade ile ikikwama kwenye ubao hurusha mashine kuelekea kwa aliyeishika, na mkono wa miaka 65 hauna kasi ya kuizuia.

Mbao ipi

Dukani mbao huuzwa kwa inchi na futi: 1x8, 2x2, 2x10, urefu futi 12. Ya bei nafuu ni paina, nyingi ikitoka msitu wa Sao Hill, Mufindi. Ni laini, inakatika vizuri, na ndiyo ya kujifunzia. Angalia lakini: paina nyingi ya kupaulia imetiwa dawa na ina rangi ya kijani. Dawa hiyo ina sumu. Usitengenezee chombo cha jikoni wala kitu cha mtoto, na vipande vyake usiviruhusu viingie kwenye jiko la kuni. Mbao za paleti nazo zina maandishi: HT maana yake zilitibiwa kwa joto, hizo chukua, MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, hizo acha.

Ukishazoea, tafuta mninga. Wafanyakazi wa mbao wanaupenda kwa sababu: ukishakauka hautanuki wala kunywea sana, haupindi hovyo, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi haihitaji kupambwa. Ni ghali, lakini wewe hutengenezi kabati. Pita kwenye karakana za samani ukaulize vipande vilivyobaki. Vingi huishia kuwa kuni. Mtiki, ule wa Longuza kule Muheza kwa mfano, nao ni mzuri na una mafuta yake ya asili, ila huyala makali ya patasi haraka. Mpingo waachie wachongaji wa Kimakonde pale Mwenge. Ni mzito hata unazama majini, na utakumalizia vinoo.

Usidharau mti wa nyumbani. Mwembe uliong'olewa na mvua, tawi la mfenesi lililokatwa kupisha nyaya za umeme, vyote ni mali. Pasua gogo katikati, kupitia kwenye kiini, siku ile ile kama unaweza. Likiachwa zima hujipasua lenyewe mahali usipotaka. Paka rangi ya mafuta au nta kwenye ncha mbili, maana maji hukimbilia kutoka huko na ndiko nyufa huanzia. Weka kivulini, juu ya vijiti, upepo upite chini. Kujua kama imekauka, pima kipande kwenye mizani ya jikoni kila wiki: uzito ukiacha kushuka, iko tayari.

Jambo moja la kuelewa kuhusu mbao litakuepusha na hasara nyingi. Mbao hainywei sawasawa. Kwa urefu hainywei kwa kiasi cha kukushughulisha; kwa upana hunywea na kutanuka kila msimu. Ubao mpana ulioutengeneza Tanga wakati wa masika, ukampelekea mwanao Dodoma, utanywea. Kama ulikuwa umeupigilia kwa misumari na gundi kwenye mbao nyingine zilizokaa kuukingama, utapasuka katikati. Uachie nafasi ya kutembea: skrubu moja ya kubana katikati, na zile za pembeni zipite kwenye matundu marefu kidogo.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hatari kubwa iko kwa wanaokaa kwenye vumbi zito la viwandani mwaka baada ya mwaka, lakini mvule na mkongo huwasha pua, ngozi na kifua hata kwa aliyezishika siku chache. Vaa barakoa unapopiga msasa, fanyia nje, na mwagia maji kidogo kabla ya kufagia. Maranda makavu yasiyo na dawa wape wafuga kuku.

Mwiko kwanza

Usianze na kiti. Anza na mwiko wa ugali, kwa sababu unatumia kipande kidogo, unakufundisha karibu kila kitu, na jikoni watakupa jibu siku hiyo hiyo. Tafuta ubao mkavu wa mwembe, mfenesi au mninga, unene robo tatu ya inchi, upana inchi tatu, urefu futi moja na nusu. Nyuzi za mbao zitembee kwa urefu, tena ziwe zimenyooka. Zikikatiza shingo ya mwiko, mwiko utavunjika kwenye sufuria ya wageni. Vifundo vikae mbali.

Kata umbo kwenye boksi gumu, ulichore juu ya ubao kwa penseli. Kabla hujachora, muulize anayesonga ugali nyumbani. Atakuambia mambo ambayo seremala wa dukani hajawahi kuyauliza: mpini wa duara kabisa huzunguka kiganjani ugali ukishakaza, hivyo uwe bapa kidogo, ncha iwe nyembamba ili ikwangue chini ya sufuria, bega moja liwe limenyooka, la kukandamizia. Kisha bana ubao kwa klempu. Kata kwa msumeno mikato mifupi kutoka ukingoni hadi karibu na mstari, kila baada ya sentimita mbili, uviondoe vipande kwa patasi kimoja kimoja. Daima ondoa kwa kufuata nyuzi kutoka sehemu pana kuelekea nyembamba. Ukienda kinyume, patasi itachimba ndani ya mstari na kuula mwiko wako. Malizia umbo kwa tupa ya mbao, halafu msasa namba 80, 120, 180, 240 kwa mpangilio huo bila kuruka. Ukifika 180, ulowanishe mwiko wote kwa maji, uuache ukauke. Nyuzi zitasimama, nawe uzipige msasa tena. Usipofanya hivyo sasa, zitasimama kwenye ugali.

Kwa vyombo vya chakula acha vanishi. Yeyusha nta ya nyuki kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, uchanganye na mafuta ya nazi: nta kipimo kimoja, mafuta vipimo vitatu. Paka kwa kitambaa, acha usiku kucha, futa. Rudia kila mwiko unapoonekana mkavu. Wanaotumia mafuta ya kitani kwa vitu vingine wakumbuke kwamba kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka. Kianike kikiwa kimetandazwa, au kilowekwe majini.

Baada ya miiko kadhaa, tengeneza kigoda cha miguu mitatu. Miguu mitatu haiyumbi hata kwenye sakafu mbovu. Tundu za miguu zitobolewe kwa mshazari, ncha za miguu zipite hadi juu na zikazwe kwa kabari. Kabari ikae kukata nyuzi za kikalio, isizifuate. Ikizifuata itakipasua kikalio nyundo ya pili tu. Mbuzi ya kukunia nazi inaweza kufuata, ukimwachia fundi chuma kazi ya ulimi wenye meno.

Bao

Kazi ninayotaka uifikie ndani ya mwaka ni bao la kete. Tafuta ubao wa 2x10 uliokauka vizuri, urefu futi mbili. Bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, jumla 32, na kete 64. Ubao huo unatosha mashimo ya sentimita tano yaliyoachana kwa sentimita moja hivi, na ncha mbili zitabaki na nafasi ya kuchimba mashimo makubwa ya kuwekea kete.

Chora mistari yote kwanza kwa skwea, kisha weka alama ya katikati ya kila shimo, kisha ndipo uchore duara kwa bikari. Hesabu mara mbili. Nyumba zina mahali pake: kila mchezaji ana nyumba moja, kwenye safu yake ya ndani, shimo la tano kutoka mkono wake wa kushoto. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, nyumba mbili hazikai uso kwa uso, zinapishana kwa shimo moja. Nyumba huchongwa mraba. Ukizikosea, wazee wa kijiweni watakucheka kabla hawajakaa.

Toboa kila shimo katikati kwa keekee hadi kina cha sentimita tatu, ukiwa umefunga kipande cha utepe sentimita tatu kutoka nchani kuonyesha pa kukomea. Tundu hilo ndilo kipimo chako: chimba kwa bobari kutoka ukingoni kuelekea katikati, pande zote, mpaka ufikie chini ya tundu. Usimalize shimo moja likang'aa wakati mengine hayajaguswa. Pitisha mashimo yote hatua ya kwanza, halafu yote hatua ya pili. Fanya manne kwa siku. Ya kwanza yatakuwa na kingo zilizomeguka, na kufikia safu ya tatu mkono utakuwa umejua wenyewe ni wapi nyuzi zinakubali na wapi zinakataa. Msasa wa ndani uzungushie mpira wa mtoto unaoenea kwenye shimo. Kete zenyewe ni komwe. Wanaoishi pwani wanajua pa kuziokota.

Bao likishakamilika lina faida ambayo kabati halina: linaleta watu. Australia, tangu miaka ya 1990, wastaafu wamekuwa wakianzisha vibanda vya pamoja vya ufundi ili wasikae peke yao majumbani, na utaratibu huo umeenea hadi Uingereza, Ireland na Canada. Sisi kijiwe tunacho tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni benchi pembeni yake. Wawili watatu mkichangia klempu na kinoo, gharama inapungua na maneno yanaongezeka. Waislamu kati yenu mtajaribu siku moja marufaa ya kuwekea msahafu, ile inayochongwa kutoka ubao mmoja na kufunguka bila msumari wala gundi. Si ya mwaka wa kwanza.

Kijana wa kukufundisha

Kuna mambo hayaeleweki kwa kusoma. Vyuo vya VETA vinafundisha useremala, ukipenda darasa. Njia fupi zaidi ni fundi wa mtaani. Mfuate asubuhi kabla kazi haijamzidi, umweleze unachotaka, mkubaliane malipo ya kila somo. Atakuamkia shikamoo, nawe utamwita fundi, na hapo ndipo mtihani ulipo kwa aliyekuwa mkurugenzi: kijana wa umri wa mwanao wa mwisho atakuambia, "Mzee, hapo umekosea, rudia." Rudia. Usimweleze ulikuwa nani ofisini. Mlipe siku hiyo hiyo, usimkope kwa sababu ya mvi.

Wajukuu nao waje, ila kwa masharti. Wapewe msasa na tupa, si patasi. Wavae miwani ya kinga. Na mtoto asikae mbele ya benchi mahali patasi ingeangukia ikiteleza.

Mwili wako

Vidole vyenye baridi yabisi huumia vikishika mpini mwembamba. Zungushia mipini ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, inenepe na ishikike. Loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuanza. Kama mikono inatetemeka, weka kisu kando utumie tupa na msasa. Vitu vizuri sana vimetengenezwa kwa hivyo viwili peke yake. Ukiona mstari wa penseli umekuwa miwili, kapime macho, huenda ni mtoto wa jicho, na hospitalini huondolewa.

Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika vidole, si kandambili, na ajikague miguu kila akimaliza kazi, maana kidonda kidogo usichokisikia ndicho kinachokuwa kikubwa. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu awe na bandeji na kitambaa safi karibu, na amweleze daktari wake kwamba anatumia vifaa vyenye makali. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu ukiinuka ghafla, hivyo inuka taratibu ukiwa umeshika benchi. Dawa zinazoleta usingizi na patasi havikai siku moja. Fanya nusu saa, kaa, kunywa maji, endelea. Simu iwe mfukoni na mtu awepo nyumbani.

Na kabla hujanunua hata msumeno, pita zahanati uulizie chanjo ya pepopunda. Dozi ya kuimarisha hurudiwa kila baada ya miaka kumi, na wanaume wengi wa umri wetu mara ya mwisho walichomwa walipokanyaga msumari wakiwa vijana.